Kutoka Tunduma mpaka Lubumbashi: kesi za kushindana na kesi za kuchunguza zinatofautiana wapi hasa?

Njiapanda_Uyole:

Habari za jioni wakuu.

Lori likitoka Mbeya na mzigo wa Lubumbashi linapita Tunduma, linaingia Nakonde, linaikata Zambia hadi Kasumbalesa. Nchi tatu, lakini kwa upande wa mahakama ni mifumo miwili. Tanzania na Zambia tumerithi ya Mwingereza: pande mbili zinashindana, hakimu anasikiliza na kuamua. Ukivuka Kasumbalesa umeingia kwa Mbelgiji na Mfaransa, ambako ofisa wa sheria mwenyewe ndiye anayeichimba kesi.

Naomba wanaojua watufafanulie: nani anatafuta ushahidi, nani anauliza maswali, na kesi inaamuliwa kwenye hatua ipi? Dereva au wakala wa forodha akikamatwa ng'ambo ile, nguvu iwekwe wapi? Na upi una afadhali (hapa najua mtagombana). Twende kwa hatua na mifano, maana za kamusi tunazo.

Faili_Mezani:

Mleta mada, anza na faili. Ukijua hakimu anasoma nini kabla ya kuketi, umeshaelewa nusu ya jambo.

Kwetu hakimu anaingia akiwa na hati ya mashtaka na si zaidi. Maelezo waliyoandika mashahidi polisi yamo kwenye jalada la polisi, na jalada la polisi si jalada la mahakama. Shahidi anaweza kuwa aliandikisha kurasa sita kituoni. Asipofika kizimbani na kusema kwa mdomo wake, kurasa zile kwa kawaida si ushahidi. Kesi za mauaji zinazokwenda Mahakama Kuu zina hatua yake: mshtakiwa anasomewa kwanza mahakama ya chini maelezo ya mashahidi na kupewa nakala, na shahidi ambaye maelezo yake hayakusomwa pale upande wa mashtaka haumleti baadaye bila kutoa taarifa ya maandishi. Hata hapo lengo ni mshtakiwa ajue kinachomkabili. Jaji bado anangoja kusikia.

Ng'ambo, faili ndiyo kesi. Kila mahojiano yanaandikiwa PV (kumbukumbu rasmi ya maandishi), inasainiwa, inashonwa. Ripoti ya mtaalamu, michoro ya eneo, picha, historia ya mtuhumiwa, vyote humo. Jaji anayeongoza anaisoma kabla ya siku yenyewe, kisha yeye ndiye anayeanza kumuuliza mshtakiwa, halafu mashahidi, na mawakili wanafuata. Siku ya kusikilizwa inakuwa zaidi ya kuipima faili kuliko kuijenga.

Kosa moja naliona kila mada hii ikija: watu wanadhani nchi zote za mfumo ule zina hakimu mpelelezi kama wa Ufaransa. Ufaransa wanaye tangu kanuni ya Napoleon ya 1808, na makosa mazito kabisa lazima yapite kwake. Anatakiwa kuchunguza yanayomkandamiza mtuhumiwa na yanayomsafisha kwa uzito uleule. Ila kesi nyingi za kawaida hazifiki kwake hata huko. Ujerumani waliifuta nafasi hiyo mwaka 1975, kazi ikaenda kwa mwendesha mashtaka, ingawa jaji wao bado ana wajibu wa kisheria wa kuutafuta ukweli mwenyewe: akiona shahidi wa maana hajaitwa, anamwita bila kuombwa na mtu. Na Congo, ambako malori yetu yanakwenda, hakuna hakimu mpelelezi kabisa. Uchunguzi uko mikononi mwa ofisi ya mwendesha mashtaka, wenyewe wanaiita parquet. Anayekuchunguza na anayekushtaki ni ofisi moja. Hilo likae kichwani tunavyoendelea.

Dodoso_Gangilonga:

Nichukue upande wa kwetu, maana watu wanausifia bila kujua unavyokatika.

Shahidi anapita mikono mitatu. Maswali ya awali kutoka kwa aliyemleta (haruhusiwi kumwekea maneno mdomoni), dodoso kutoka upande wa pili (hapo kumwongoza ruksa), halafu kusawazisha (aliyemleta anauliza tena kufafanua yaliyotoka kwenye dodoso). Sasa tazama kinachoharibika.

Dodoso likirukwa, limepita. Mahakama ya Rufani imerudia mara nyingi kwamba upande usiomhoji shahidi juu ya jambo la msingi unahesabiwa umelikubali. Shahidi wa pili wa mashtaka anasema, "Nilimtambua kwa mwanga wa taa ya sola, alikuwa hatua tano." Mshtakiwa asiye na wakili anaulizwa kama ana swali, anajibu, "Sina swali, mheshimiwa, huyu ni mwongo, nitasema zamu yangu." Zamu yake ikifika anasema usiku ule alikuwa Makambako. Amechelewa. Alipaswa kuuliza palepale: taa ilikuwa upande gani, mwanga wake ulifika wapi, ulinitazama kwa muda gani, ulinitaja kwa nani wa kwanza na saa ngapi? Na hiyo habari ya kuwa Makambako inatakiwa itolewe taarifa mapema, upande wa mashtaka upate nafasi ya kuifuatilia.

Hati nayo ina hatua tatu, uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa 2003 uliziweka wazi: inaombwa ipokelewe na upande wa pili unaulizwa kama una pingamizi, inapokelewa na kupewa namba, ndipo inasomwa kwa sauti mahakamani. Ikisomwa kabla ya kupokelewa ni kosa, ikipokelewa isisomwe ni kosa. Kwenye rufaa kielelezo kinafutwa kwenye kumbukumbu, na kama kesi yote ilikuwa inaning'inia kwenye PF3 (fomu ya polisi anayojaza daktari) au hati ya ukamataji, inaanguka nacho.

Maelezo ya onyo (yale mtuhumiwa anayoandikisha polisi baada ya kuonywa) yana saa 4 za msingi tangu mtu awekwe chini ya ulinzi. Zikipita bila kuongezwa kisheria, pingamizi liko tayari. Kama hoja ni kwamba alipigwa, inatolewa kabla maelezo hayajapokelewa, ili mahakama isimamishe kesi kubwa na kuendesha kesi ndani ya kesi, kuamua kama aliyatoa kwa hiari. Ukisubiri zamu ya utetezi ndipo uonyeshe kovu, hakimu atauliza kwa nini hukusema siku ile.

Sipotezi muda kwenye utunzaji wa vielelezo, mnaujua: magunia yamekamatwa Tunduma, nani aliyapokea, yalilala ghala gani, nani aliyapeleka kwa Mkemia, yalirudi na lakiri ileile? Mkono mmoja usipoelezwa, mnyororo umekatika.

Yote hayo hakimu anaweza kuyaona kwa macho yake yakiharibika, na hawezi kwenda mwenyewe ghala la polisi kuangalia.

Mtani_Makambako:

Kwa hiyo hakimu wetu ni refa tu? Timu mbovu ikifungwa, shauri yake?

Faili_Mezani:

Si refa mtupu, mtani. Sheria ya Ushahidi inamruhusu kumuuliza shahidi yeyote swali lolote wakati wowote. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu kumwita au kumrudisha shahidi, na inamlazimisha kama ushahidi huo ni wa lazima kwa uamuzi wa haki. Meno anayo. Anaogopa kuuma.

Anaogopa kwa sababu akizidisha, mkata rufaa atasema aliingia ulingoni. Uingereza mwaka 1957, mjane wa mchimbaji aliyekufa mgodini alikuwa anaidai bodi ya makaa ya mawe. Jaji aliuliza maswali mengi mno hata pande zote mbili zikalalamika kwenye rufaa kwamba hazikupata nafasi ya kuendesha kesi zao. Rufaa ikaamuru kesi isikilizwe upya. Jaji yule baadaye akaondoka kazini.

Ndiyo maana hakimu mwenye busara anauliza baada ya kusawazisha, maswali mawili matatu ya kufafanua, kisha anazipa pande nafasi ya kuuliza yatokanayo.

Mwana_Rungwe:

Mnasahau kwamba wengi wa watu wetu kesi yao ya kwanza na ya mwisho ni Mahakama ya Mwanzo, na pale mambo hayaendi hivyo. Sheria ya Ushahidi haitumiki kule. Wana kanuni zao fupi. Kwa miaka mingi wakili hakuruhusiwa kusimama mle, ndipo mwaka 2021 mlango ukafunguliwa pale anayeketi ni hakimu mkazi. Mlalamikaji anajieleza, mdaiwa anajieleza, na hakimu ndiye anayevuta maneno: mlipatana lini, nani alikuwepo, ng'ombe alikuwa na alama gani? Hiyo si Ufaransa, lakini ukikaa benchi la nyuma utaona anayechimba ni hakimu. Mtu wa Tukuyu asiambiwe mfumo wa uchunguzi ni mgeni kwake.

Kinachoharibika kule: mtu anadhani kwa kuwa hakimu anauliza, basi hakimu atatafuta. Hatafuti. Usipokuja na shahidi wako wa makabidhiano au karatasi ya mauziano, hakimu hatatuma mtu akavifuate kijijini kwako.

Mbao_Mafinga:

Hapo kwa Mwana_Rungwe naongeza ardhi, maana huku Mufindi na kule Mbarali ndiyo kesi zenyewe. Watu wanadai, "Mwenyekiti wa baraza aje aone mpaka kwa macho yake, miti iko pale." Inaonekana jambo rahisi. Mahakama ya Rufani ilishaonya mwaka 1980 kwamba kutembelea eneo la mgogoro ni kwa hali za pekee, kwa sababu anayeamua anaweza bila kujua akageuka shahidi. Hebu fikirini jinsi hoja hiyo isingeeleweka Paris, ambako hakimu mpelelezi kwenda eneo la tukio na kufanya watu waigize upya lilivyotokea ni sehemu ya kazi yake.

Utaratibu wetu mkitembelea ni huu. Wanakwenda wote: mwamuzi, pande mbili, mawakili kama wapo, na mashahidi wa jambo lile. Shahidi akionyesha alama ("mpaka unaanzia kwenye hili jiwe unashuka hadi mkondo wa maji") upande wa pili unamhoji palepale. Mwamuzi anaandika. Mkirudi ukumbini, maandishi yale yanasomwa kwa pande zote, wanaulizwa kama wana pingamizi au marekebisho, nayo yanaingizwa. Mashahidi wanatoa ushahidi wa yale yaliyoonekana, na maandishi yanabaki ya kumsaidia mwamuzi kuuelewa ushahidi huo. Kuchora ramani njiani na kuandika kwenye hukumu "niliona mwenyewe kwamba mikaratusi ni ya miaka mingi" ni kumpa mkata rufaa zawadi.

Wataalamu ni hivyohivyo. Kwetu kila upande unaleta mpima wake na ramani zinapingana kwa upana wa shamba zima. Ufaransa na Ujerumani mahakama ndiyo inayoteua mtaalamu, anaripoti kwa mahakama, na upande usioridhika unaomba ufafanuzi au mtaalamu mwingine. Kwa ardhi na hesabu, mimi nawapa wao pointi. Hata Waingereza kwenye kanuni zao za madai zilizoanza 1999 walikubali mtaalamu mmoja wa pamoja.

Chifu_wa_Songwe:

Tatizo la Congo ni moja tu. Kule una hatia mpaka uthibitishe huna. Mengine mapambo.

Faili_Mezani:

Hapana, Chifu. Katiba ya Congo ya 2006 inasema wazi mshtakiwa hana hatia mpaka hukumu ya mwisho. Ufaransa waliliandika tangu Tamko la 1789. Mzigo wa kuthibitisha uko kwa mashtaka kule pia.

Kinachowafanya watu waone hivyo ni mambo mawili. La kwanza, mshtakiwa ndiye anayeanza kuulizwa na jaji ambaye ameshasoma faili, na maswali yanatoka kwenye faili: "Uliiambia polisi hivi, leo unasema vile, kwa nini?" Ukikaa pembeni unasikia kama ameshahukumiwa. La pili ni muda wa mahabusu wakati wa uchunguzi. Hilo la pili nasi tunalo, "upelelezi haujakamilika, mheshimiwa, tunaomba tarehe nyingine" tunaijua wote, na kwa mauaji dhamana hakuna.

Upo pia upande unaomsaidia mshtakiwa. Ufaransa haapi. Kwetu akichagua kula kiapo anadodoswa kama shahidi mwingine. Na kukiri: kwetu mtu akikubali kosa, anasomewa maelezo ya kesi, anakubali tena, anatiwa hatiani asubuhi hiyohiyo. Kwa asili ya mfumo wao kukiri ni karatasi moja ndani ya faili, jaji bado anaangalia kama inalingana na nyingine. Siku hizi wamelegeza. Ufaransa ina utaratibu wa kukiri kwa makubaliano tangu 2004, na sisi tukaleta wetu 2019.

Kasumbalesa_Transiti:

Sasa la pili la mleta mada. Dereva kakamatwa ng'ambo, tuseme kwa ajali au mzigo usiolingana na karatasi.

Anayemshika kwanza ni ofisa polisi mpelelezi, wenyewe wanasema OPJ. Katiba inampa saa 48 za kumshikilia, kisha ama amwachie au amfikishe kwa mamlaka ya juu yake, ambayo kwa kawaida ni parquet. Katiba hiyohiyo inasema aelezwe sababu za kukamatwa kwa lugha anayoielewa, aruhusiwe kuwasiliana mara moja na familia au wakili, na awe na haki ya mtetezi kwenye hatua zote, uchunguzi wa polisi ukiwemo.

Akifika parquet anahojiwa upya na magistra, yaani ofisa wa sheria wa ofisi hiyo. Akitaka kumzuia anatoa hati ya muda ya siku 5. Zikiisha, jambo linakwenda kwa jaji kwenye kikao cha faragha, ambaye anaweza kuruhusu siku 15, halafu kuongeza mwezi kwa mwezi. Kila kikao cha namna hiyo ni nafasi ya kuomba aachiwe kwa muda, kwa kuweka fedha ya dhamana.

Mtu wa Mbeya anayefikiri kikwetu anasema, "Ngoja, wakili tutamweka kesi ikianza kusikilizwa." Hapo ndipo anapopoteza. Mpaka ianze kusikilizwa, PV zimeshashonwa, mtaalamu ameshapima breki, mashahidi wa barabarani wameshatawanyika, na jaji ameshasoma yote. Wakili anatakiwa saa 48 zile. Kazi yake pale si kupiga hotuba. Anaomba vitu viingie kwenye faili: shahidi fulani ahojiwe, kumbukumbu ya mwendo wa gari ichukuliwe, mzigo uhesabiwe mbele ya mwenyewe, mtaalamu mwingine ateuliwe. Akikataliwa, ombi lake la maandishi linabaki kwenye faili na jaji atalikuta.

Kuna pia faini ya maridhiano kwa makosa madogo: ofisa anapendekeza kiasi, kikilipwa kwa kawaida jambo linaisha. Inalipwa hazina ya serikali na ina risiti. Bila risiti haujalipa kitu.

Na aliyeumizwa kwenye ajali naye anaingia ndani ya kesi ileile ya jinai na kudai fidia yake. Kwetu anakuwa shahidi, fidia ni mpaka mahakama iamue kuitoa baada ya kumtia mtu hatiani, au afungue shauri la madai. Kwa hiyo kule nyaraka za bima zinatakiwa mezani tangu mwanzo.

Chifu_wa_Songwe:

Sawa, nimekubali hilo la Katiba. Ila bado nasema mtu mmoja akiamini hadithi yake, nani atamzuia?

Dodoso_Gangilonga:

Hapo Chifu kagonga penyewe. Mfano mkubwa ni Outreau, kaskazini mwa Ufaransa, kesi ya kunyanyasa watoto kingono. Hakimu mpelelezi kijana, peke yake, watoto wanataja watu, mtuhumiwa mmoja anathibitisha kila jina linalotajwa. Faili ikavimba. Waliofuata juu yake walisoma faili ileile aliyoiandika yeye. Watu 17 walisimamishwa kizimbani 2004, na hadi rufaa ya Desemba 2005 walikuwa wameachiwa 13, baadhi wakiwa wameshakaa mahabusu kwa miaka. Na ni dodoso la hadharani, mashtaka yakiyumba mbele ya watu, lililobomoa kile ambacho karatasi zilikuwa zimejenga. Mwaka 2007 wakatunga sheria kwamba mahakimu wapelelezi wakae watatu. Ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, haikutekelezwa.

Ila tusijisifu. Mfumo wetu unadhani pande mbili zina nguvu sawa. Mwenye kesi ya mauaji Mahakama Kuu anapewa wakili kwa gharama ya serikali. Mwenye unyang'anyi wa kutumia silaha mahakama ya wilaya anakabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 30 na mara nyingi anasimama peke yake mbele ya wakili wa serikali. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ipo, wasaidizi wa kisheria wapo, lakini msaidizi wa kisheria hasimami kudodosa mahakamani. Mtu huyo ukimuuliza angependa hakimu anyamaze au achimbe, jibu unalijua.

Mtani_Makambako:

Hakuna waliochanganya?

Faili_Mezani:

Wapo. Italia tangu 1989 walihamia mtindo wa kushindana, na walichofanya kwanza ni kuitenganisha faili: moja ya mwendesha mashtaka, nyingine ya jaji wa kusikiliza, na hii ya pili imeachiwa vitu vichache tu ili asije ameshashiba karatasi. Mahakama yao ya Katiba ikalegeza mwaka 1992, bunge likajibu 1999 kwa kuandika kwenye Katiba kwamba ushahidi ujengwe mbele ya pande zote mbili. Na hapa kwetu Arusha, Mahakama ya Kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda iliyofungwa mwisho wa 2015 ilikuwa na majaji wa asili zote mbili: pande zinahoji, majaji wanaingilia wanapotaka, na hati zinapokelewa kwa ulegevu ambao hakimu wa Iringa angeshtuka.

Mimi nikilazimishwa kuchagua: madai ya ardhi na hesabu nipeni jaji anayechimba, jinai nipeni dodoso, lakini na wakili wa kulifanya.

Njiapanda_Uyole:

Nashukuru wakuu, nimepata zaidi ya nilichoomba. La mwisho kwa Kasumbalesa_Transiti: PV inaandikwa Kifaransa, dereva wetu anajua Kiswahili tu. Ameshasaini, halafu wakili anakuta kuna kosa. Inafutwaje?

Kasumbalesa_Transiti:

Haifutwi. Kwenye mfumo ule karatasi haitolewi kirahisi, inaongezewa nyingine juu yake. Wakili anaandika kwa magistra wa parquet akiomba mteja ahojiwe tena na mkalimani, jina la mkalimani liandikwe, na marekebisho yaingie kwenye PV mpya, sentensi kwa sentensi: pale palipoandikwa aliacha usukani, dereva mwenyewe alisema aliusogeza kulia. Ifanyike kabla ya kile kikao cha baada ya siku 5 ikiwezekana, maana jaji anayeamua mahabusu anasoma hizohizo PV.

Na kabla ya kusaini, dereva anayo haki ya kuomba isomwe yote kwa Kiswahili, taratibu. Lubumbashi Kiswahili kipo kila kona, mkalimani hakosekani. Akiona hailingani asisaini, aseme sababu, na ofisa ataandika kwamba amekataa na sababu yake. Kukataa huko nako kunashonwa kwenye faili.

Wenye magari wampe dereva bahasha isiyokaa na nyaraka za mzigo: nakala ya leseni, bima ya mpakani, namba ya wakili wa Lubumbashi aliyekubaliwa kabla ya safari, na namba ya ubalozi. Nyaraka za mzigo ndizo za kwanza kuchukuliwa kama vielelezo, na zikichukuliwa zinaondoka na kila kitu kilichobanwa pamoja nazo.